Zouk ya Mapenzi: Anza na Sauti za Akina Dada

Kama umewahi kucheza "Bane" ya Oliver N'Goma harusini, masikio yako yameshafika nusu ya safari. N'Goma alikuwa mtu wa Gabon, lakini mdundo ule ulivuka bahari kuja kwake. Asili yake ni Guadeloupe na Martinique, visiwa viwili vya Karibi. Huko ndiko zouk ilikozaliwa. Na huko wako waimbaji wa kike ambao wengi wetu hatuwajui kwa majina, hata kama tumewahi kuwacheza.

Makala haya yatakufikisha kwao. Huhitaji kujua Kifaransa. Unahitaji simu, bando, hedifoni na jioni chache.

Shika jambo moja tangu mwanzo. Mdundo wa zouk ya mapenzi ni laini, lakini wanawake wanaouimba hawabembelezi tu. Wanadai, wanalalamika, wanaweka masharti, wanaaga. Ukicheza bila kuwasikiliza, unapata mdundo peke yake. Wasikilize wanachosema, ndipo muziki huu utakuwa wako.

Jua kwanza unakwenda wapi

Fungua ramani ya simu. Tafuta Guadeloupe, halafu shuka kusini kidogo. Utakikuta kisiwa cha Dominica, kisha Martinique. Guadeloupe na Martinique ni sehemu ya Ufaransa mpaka leo. Watu wake wengi wana asili ya Afrika, wazee wao walipelekwa huko utumwani. Shuleni na ofisini wanatumia Kifaransa. Nyumbani, sokoni na kwenye nyimbo wanatumia Kikrioli.

Bendi ya kukumbuka ni Kassav'. Ilianzishwa mwaka 1979 na Pierre-Édouard Décimus pamoja na Freddy Marshall, na mpiga gitaa Jacob Desvarieux akaingia mapema. Jina lake linatokana na mkate wa muhogo. Walichukua ngoma za gwo ka za Guadeloupe, wakachanganya na muziki wa dansi wa visiwa vya jirani, kama kompa ya Haiti na kadansi ya Dominica. Juu yake wakaweka vinanda vya umeme, matarumbeta na besi nzito.

Neno zouk lenyewe lilikuwa jina la sherehe za usiku za kucheza muziki. Kassav' walipovuma katikati ya miaka ya 1980, jina la sherehe likawa jina la muziki.

Historia hiyo inakutosha kwa sasa. Twende kazini.

Tenganisha zouk mbili

Kuna zouk ya kasi, ile ya kanivali, wanayoiita zouk chiré au zouk béton. Hiyo ni ya kuruka na kutoa jasho. Na kuna zouk love, ya polepole, ya wawili wawili. Patrick Saint-Éloi, mmoja wa waimbaji wa Kassav', ni kati ya waliotangulia kuipa zouk sura hiyo ya mahaba.

Ukiandika neno zouk peke yake kwenye YouTube, utapata zote mbili kwa mchanganyiko. Andika "zouk love" kama unataka ya mapenzi. Neno moja tu, na utafutaji wako umebadilika.

Shika pigo kwa viganja vyako

Hii inachukua dakika mbili. Weka wimbo wowote wa zouk love. Hesabu moja mpaka nane, haraka haraka, bila kusimama. Piga kofi kwenye moja, kwenye nne na kwenye saba. Rudia.

Ukishaoanisha makofi yako na mlio mkavu wa fimbo kwenye ukingo wa ngoma, umelipata pigo la zouk. Utalitambua popote: kwenye daladala, kwenye matatu, kwenye tangazo la redio. Hutalichanganya tena na la rege wala la rumba.

Usisikilizie spika ya simu

Zouk inasimama juu ya besi. Spika ndogo ya simu inaikata kabisa, na unabaki na kinanda na sauti zinazoelea. Tumia hedifoni, hata za bei ndogo, au unganisha simu na redio ya nyumbani. Usifungulie kwa nguvu. Besi ya zouk inataka kusikika vizuri, haihitaji kupiga kelele.

Mwimbaji wa kwanza: Jocelyne Béroard

Anza na huyu, usiruke. Ni mwanamke wa Martinique, mzaliwa wa Fort-de-France, na ndiye sauti ya kike iliyojulikana zaidi katika Kassav'. Alisimama mbele ya jukwaa pamoja na wanaume wenye sauti kubwa, wala hakumezwa.

Tafuta albamu yake "Siwo" ya mwaka 1986. Siwo ni shira, ile ya sukari. Sikiliza wimbo wenye jina hilo. Mdundo wake ni mchangamfu kuliko zouk love ya kawaida, lakini tega sikio kwenye sauti: pana, kavu kidogo, ya mtu mzima anayejua anachokisema. Béroard hapambi maneno. Anaimba kana kwamba mnazungumza mezani.

Kisha tafuta "Kolé séré", aliyoiimba na Philippe Lavil mwaka 1987. Mwanaume na mwanamke wanapokezana, na wimbo ulipendwa sana Ufaransa. Ni mlango mzuri kwa mgeni, kwa sababu hata usipoelewa neno, unasikia kuwa ni mazungumzo ya watu wawili wenye historia.

Ukimaliza hizo mbili, ingia kwenye maonyesho ya jukwaani ya Kassav'. Angalia Béroard anavyoongoza maelfu ya watu kwa mkono mmoja. Bendi iliadhimisha miaka 40 kwa onyesho kubwa karibu na Paris mwaka 2019. Desvarieux alifariki mwaka 2021 kwa Uviko-19, kwa hiyo picha za usiku ule zina uzito wake.

Mwimbaji wa pili: Edith Lefel

Ukitaka kujua zouk love ni nini kwa sauti moja tu, msikilize Edith Lefel. Alizaliwa Cayenne, Guyana ya Kifaransa, mwaka 1963, akakulia Martinique. Sauti yake ni nyepesi, safi, haina haraka. Haipandi ili kukuonyesha uwezo. Inakaa chini, karibu nawe.

Anza na albamu ya "La Klé", yaani ufunguo, ya mwaka 1988. Halafu "Mèci", yaani asante, ya mwaka 1992. Nyimbo zake nyingi zilipitia mikono ya Ronald Rubinel, mtunzi na prodyuza aliyekuwa pia mume wake.

Msikilize Lefel kwa namna hii: fuata mwisho wa kila mstari. Waimbaji wengi wanamaliza mstari kwa kuuvuta au kuutetemesha. Lefel anauachia mapema, na kinanda kinaujazia. Ukishalisikia hilo mara moja, utajua kwa nini waimbaji wa baada yake wanamtaja kwa heshima.

Alifariki Januari 2003 akiwa na miaka 39, na amezikwa Père Lachaise, Paris. Msikilize kwa mpangilio, albamu nzima, si wimbo mmoja mmoja. Kazi yake si kubwa kwa idadi, kwa hiyo wiki moja inatosha kuizunguka.

Zouk Machine: usicheze tu, sikiliza malalamiko

Sasa ongeza kasi kidogo. Zouk Machine lilikuwa kundi la wasichana watatu wa Guadeloupe. Mwanzoni walijulikana Christiane Obydol, Dominique Zorobabel na Joëlle Ursull. Ursull alipoondoka, Jane Fostin akachukua nafasi.

Wimbo wa kutafuta ni "Maldòn". Mwaka 1990 ulikaa kileleni mwa chati za Ufaransa kwa wiki tisa. Ni mchangamfu, unainua watu vitini, na watu wengi waliucheza wakidhani ni wa raha tupu.

Sio hivyo. Ni mwanamke anayelalamikia kazi za nyumbani. Kiitikio kinaorodhesha usafi wa nyumba, kazi baada ya kazi, na yeye amechoka kuufanya peke yake. Rudi uusikilize ukijua hilo. Zile sauti tatu zinazopokezana zinageuka kuwa wanawake watatu wanaokubaliana kwamba mambo haya hayawezi kuendelea.

Msikilizaji wa taarabu hatashangaa. Anajua jinsi ukumbi mzima unavyoweza kucheka na kutunza huku mwimbaji akimfikishia mtu ujumbe mzito. Njoo kwenye zouk na masikio hayo hayo.

Baada ya hapo tafuta "Sové lanmou", wimbo wao wa kabla ya hapo. Maana yake ni okoa mapenzi. Weka nyimbo hizo mbili pamoja, moja baada ya nyingine, na utapata picha kamili ya kundi.

Mfuate Joëlle Ursull alipokwenda

Ursull alitoa albamu yake "Miyel", yaani asali, mwaka 1988. Miaka miwili baadaye aliiwakilisha Ufaransa kwenye mashindano ya Eurovision mjini Zagreb. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kupewa nafasi hiyo na Ufaransa. Aliimba "White and Black Blues", mashairi yakiwa ya Serge Gainsbourg, akashika nafasi ya pili sambamba na Ireland.

Tazama video ya usiku ule. Usitafute zouk ya mapenzi humo, hutaikuta. Tazama jinsi binti wa Guadeloupe anavyosimama mbele ya Ulaya nzima. Kisha rudi kwenye "Miyel" usikie alikotoka.

Usimpite Tanya Saint-Val

Huyu pia ni wa Guadeloupe, na amekuwa jukwaani tangu miaka ya 1980. Sauti yake ina nguvu na ina soul ndani yake. Ukiona Lefel ni mpole mno kwako, Saint-Val ndiye wako. Msikilize kwenye nyimbo za polepole kwanza, kwa sababu huko ndiko anakoweza kushika noti moja na kuijaza.

Rudi nyuma hatua moja: Marie-José Alie

Kabla zouk love haijapata jina, tayari kulikuwa na "Karésé mwen". Mtunzi na mwimbaji wake ni Marie-José Alie wa Martinique, mwanahabari wa televisheni, aliyeirekodi na kundi la Malavoi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Malavoi wanajulikana kwa fidla. Ukizisikia zinavyoingia polepole, utadhani uko kwenye baraza la zamani wakati jua linazama. Sikiliza anachokiomba mwimbaji. Mwanamke ndiye anayesema anataka kupendwa na jinsi anavyotaka, hadharani, bila kuomba radhi. Waimbaji wengi wa zouk love walipita kwenye mlango uliofunguliwa na wimbo huu.

Halafu njoo kwa wadogo zao

Kuanzia miaka ya 2000 zouk love ilibadilika. Kompyuta zilichukua nafasi ya bendi, R&B ikaingia, na Kifaransa kikachukua nafasi kubwa ya Kikrioli. Wazee wengine hawakuipenda. Wewe sikiliza uamue mwenyewe.

Majina ya kuanzia ni haya:

Princess Lover wa Martinique. Tafuta "Mon soleil", yaani jua langu.

Fanny J wa Guyana ya Kifaransa. Tafuta "Ancrée à ton port". Anajifananisha na chombo kilichotia nanga kwenye bandari ya mpenzi wake. Mtu wa mwambao atakuwa nyumbani.

Perle Lama na Lynnsha, wote wa Martinique. Hawa ni wa kusikiliza ukitaka kujua zouk inavyokaa pamoja na R&B.

Usiwasikilize hawa kabla ya Béroard na Lefel. Ukianza na wadogo, utadhani zouk ni kinanda na kunong'ona. Ukianza na dada wakubwa, utasikia wadogo wamechukua nini na wameacha nini.

Jifunze maneno machache ya Kikrioli

Usifanye kozi. Maneno haya yatakufungulia nyimbo nyingi:

Lanmou ni mapenzi. Doudou ni mpenzi. Tchè au kè ni moyo. Bo ni busu. Dous ni tamu. Mwen ni mimi, ou ni wewe, nou ni sisi. Palé ni kusema. Pléré ni kulia. Kité ni kuacha. Viré ni kurudi.

Kusoma ni rahisi. "Ou" soma u. "Tch" soma ch. "É" soma e. "An" na "on" zipitishe puani.

Sasa kwenye vitenzi, una bahati. Kikrioli kinaweka alama ya wakati mbele ya kitenzi, kama sisi tunavyoweka -na- na -ta-. "Mwen ka chanté" ni naimba. "Mwen ké chanté" ni nitaimba. Ukisikia "té", habari imeshapita. Ukisikia "pa", ni kukanusha: "mwen pa ka chanté", siimbi.

Zishike alama hizo nne, ka, ké, té na pa. Zitakuambia kama mwimbaji anapenda sasa, anaahidi, anakumbuka au anakataa. Hiyo ni nusu ya wimbo wowote wa mapenzi.

Utasikia pia tofauti za visiwa. Mtu wa Guadeloupe mara nyingi anasema "an" pale ambapo mtu wa Martinique anasema "man" au "mwen". Usichanganyikiwe. Wote wanasema mimi.

Kuwa makini na programu za kutafsiri

Programu nyingi za kutafsiri zinajua Kikrioli cha Haiti. Ni ndugu wa hiki cha Martinique na Guadeloupe, lakini si kile kile. Mfano ni hiyo "ka" yetu. Haiti, "ka" ni kuweza. Kwa hiyo ukiandika "mwen ka chanté", mashine inaweza kukuambia "naweza kuimba", wakati mwimbaji anasema "naimba".

Tumia mashine kupata mada ya wimbo, usiitumie kukata kauli. Kama wimbo ni wa Kifaransa, muulize mtu. Una rafiki wa Bujumbura, Bukavu, Lubumbashi au Kigali? Wengi wao wanakijua Kifaransa, na kuna uwezekano mkubwa wimbo wenyewe wanaujua pia. Mpigie. Dakika tano za mazungumzo naye zitakupa kuliko saa nzima ya kubonyeza simu.

Sikiliza wimbo mmoja mara tatu

Hii ndiyo mbinu kuu. Ukiikosa hii, yale mengine hayatakaa.

Mara ya kwanza, fuata besi. Usijali maneno. Acha mguu utafute pigo.

Mara ya pili, fuata waitikiaji. Kwenye zouk waitikiaji si pambo. Wakati mwingine wanamuunga mkono mwimbaji, wakati mwingine wanamuuliza swali, wakati mwingine wanasema kile anachokificha. Kwenye Zouk Machine kazi hiyo wanafanyiana wenyewe kwa wenyewe.

Mara ya tatu, fuata mwanamke. Jiulize maswali matatu: anazungumza na nani? Anataka nini? Amefikia wapi mwishoni, amebaki au ameondoka? Ukiweza kuyajibu, wimbo umekuingia. Ukishindwa, tafuta maneno yake, soma mara moja, rudia.

Nyimbo tatu ulizozisikiliza hivi zina faida kuliko thelathini zilizopita zikiimba zenyewe wakati unaosha vyombo.

Tafuta kwa usahihi

Andika jina la mwimbaji na jina la wimbo pamoja. Weka alama za é na ò ukiweza, ingawa bila hizo pia utafika.

Kuwa macho na mambo mawili. Zouk ni pia jina la klabu maarufu ya usiku huko Singapore, kwa hiyo unaweza kuletewa picha za madisko. Na ukitafuta masomo ya dansi ya zouk, mengi yatakuwa ya zouk ya Brazil. Hiyo ni dansi nyingine, iliyotokana na lambada, ya kuzungusha kichwa na nywele. Ni nzuri, lakini sio inayochezwa Pointe-à-Pitre, Guadeloupe.

Fungua chaneli rasmi ya msanii au ya lebo yake kila inapowezekana. Hapo utapata jina kamili la wimbo, mtunzi na mwaka. Na pesa ya wasikilizaji inamfikia mwenye jasho. Wengi wa akina dada hawa walirekodi wakati wa kaseti na santuri, na kazi zao zimepakiwa na watu baki kila mahali.

Cheza hivi

Zouk love haihitaji mbwembwe. Simameni karibu. Hamisha uzito wa mwili mguu wa kulia, kisha wa kushoto, kwa hatua ndogo. Magoti yalegee kidogo. Nyonga zitafuata zenyewe, usizisukume. Anayeongoza anaongoza kwa kifua, habururi mkono wa mwenzake.

Na ombeni ridhaa kabla ya kukaribiana. Dansi hii ni ya ukaribu, na ukaribu mzuri ni wa watu wawili waliokubaliana. Ukiona mwenzako amesogea nyuma, sogea nyuma nawe.

Rudi Afrika, sasa ukiwa na masikio mapya

Kassav' walipendwa sana Afrika, na mdundo wao ukaota mizizi huku. Luanda, Angola, zouk ilikutana na semba, muziki wa huko, na kizomba ikachukua mengi kutoka pande zote mbili. "Bane" ya N'Goma ilipangwa na Manu Lima, mpiga kinanda mwenye asili ya Cabo Verde. Dar es Salaam nako, nyimbo nyingi za mapenzi za Bongo Fleva zimejengwa juu ya pigo hili hili la moja, nne, saba.

Kwa upande wa akina dada, wawili wa kuanzia ni hawa. Monique Séka wa Côte d'Ivoire, mwimbaji wa afro-zouk: tafuta "Missounwa" na "Okaman". Na Suzanna Lubrano, mzaliwa wa Cabo Verde aliyekulia Rotterdam: tafuta "Tudo pa bo". Mwaka 2003 alitunukiwa tuzo ya Kora.

Wasikilize mara tu baada ya kumrudia Béroard. Utasikia ni kitu gani Afrika ilikipokea kutoka Karibi, na ni kitu gani iliongeza.

Kabla hujampa DJ orodha yako

Unapanga harusi, au unataka kumtumia mtu wimbo usiku huu? Fanya kazi moja kwanza: jua wimbo unahusu nini. Kinanda laini hakimaanishi habari njema. Zouk love nyingi ni za kuachana, kusalitiwa au kungoja mtu asiyerudi.

Kwa ngoma ya kwanza ya maharusi, chagua wimbo uliosoma maneno yake mpaka mwisho. "Maldòn" iweke baadaye, shangazi na mama wadogo wakishavua viatu. Wao wataielewa hata bila tafsiri.

Panga nyimbo za polepole tatu au nne mfululizo, watu wakishamaliza kula. Moja peke yake haitoshi, maana watu wanachukua muda kuinuka. Zikizidi nne, vijana wataanza kurudi vitini. Kisha panda taratibu kuelekea zouk ya kasi.

Ratiba ya wiki ya kwanza

Jumatatu: pigo na makofi, halafu "Siwo".
Jumanne: "Kolé séré", mara tatu.
Jumatano: albamu "La Klé" yote, bila kuruka.
Alhamisi: "Maldòn" na "Sové lanmou", ukiwa na maneno mbele yako.
Ijumaa: "Karésé mwen", kisha Tanya Saint-Val.
Jumamosi: Princess Lover na Fanny J, halafu cheza.
Jumapili: Monique Séka na Suzanna Lubrano. Kisha chagua mmoja kati ya wote.

Huyo mmoja ndiye wa wiki ya pili. Tafuta albamu zake zote, kuanzia ya zamani mpaka ya karibuni. Jua nani alimtungia na nani alimpigia kinanda. Mfahamu mwimbaji mmoja sawasawa kabla ya kukimbilia wa pili, kwa sababu kila jina utakalolikuta kwenye kazi zake litakupeleka kwa mwimbaji mwingine.

Na ukishampata, mtambulishe. Mtumie rafiki wimbo wake mmoja, na chini yake andika mambo mawili: jina la mwanamke anayeimba, na kile anachokisema. Tumezicheza sauti hizi miaka mingi bila kuwataja wenyewe. Tuanze kuwataja.